Maswali ya Kumwuliza Mgeni

Anayetaka kujitolea mkoani Katavi na ajiandae kwanza kubeba barua. Yangu ilianzia ofisi ya mkoa, ikashuka kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, ikashuka tena kwa mtendaji wa kata, ikamkosa mtendaji wa kijiji kwa sababu alikuwa shambani akivuna mpunga, na mwishowe ikamfikia mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyeisoma akiwa amesimama chini ya mwembe wake. Kila ngazi ilikuwa imeongeza muhuri. Mzee aliikunja, akaitia katika mfuko wa shati, akaniuliza swali ambalo ningeulizwa na kila mtu tangu siku hiyo: "Na wewe, mwanangu, wanakulipa kiasi gani?"

Nikamwambia silipwi; napewa chumba, nauli na pesa ya chakula. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza dalali wa viwanja.

"Haya," akasema. "Karibu."

Sikumlaumu. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kwale, pwani ya Kenya, na kwetu tumewaona watu wa kujitolea wakija na kuondoka: vijana wa Ulaya na Marekani wanaopaka rangi darasa, wanapiga picha na watoto, kisha Jumamosi wako ufukweni Diani. Tanganyika nayo ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea vijana wa Peace Corps, mwaka 1961, kwa hiyo sura ya mgeni anayejitolea imezoeleka huku kwa zaidi ya miaka 60, na sura hiyo si yangu. Mtu mweusi aliyevuka mpaka mmoja tu, anayezungumza Kiswahili na kumega ugali bila kufundishwa, huyo naye amekuja kusaidia nini? Uhamiaji tu ndio waliokuwa na jibu la wazi: mgeni, kibali cha ukaazi daraja C, lile daraja la wanafunzi, watafiti, wamisionari na watu wa kujitolea.

Niliingia Mpanda kwa treni kutoka Tabora. Siku hizi barabara ya lami inayopita Sikonge, Koga na Inyonga inamfikisha mtu kwa basi haraka zaidi, na kila niliyemtaka ushauri alinishauri basi, lakini nilitaka kuiona reli ile. Inachepuka kutoka reli ya kati pale Kaliua, inashika kusini-magharibi kwa zaidi ya kilomita 200 katika miombo ambamo saa nyingi hupiti hata moshi wa jiko, inavuka mto Ugalla, halafu inaishia Mpanda. Haiendi kwingine. Waingereza waliijenga kuelekea mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Miaka ya mwanzo ya 1960 mgodi ulikuwa umeshakwisha, reli ikabaki, na mji nao ukabaki ukijitafutia sababu nyingine ya kuwapo. Katika behewa letu la daraja la tatu kulikuwa na magunia, kuku wawili waliofungwa miguu, mama mmoja wa Kiha aliyenigawia karanga zake kabla hata hajaniuliza jina, na vijana wa Kisukuma waliokuwa wakienda kutafuta mashamba. Kila tuliposimama, asali ilipitishwa dirishani katika chupa za maji.

Vijana wale ndio habari yenyewe ya Katavi. Mkoa ni mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Watu wamezidi maradufu kwa miaka kumi, na uzazi peke yake hauwezi kufanya hivyo. Wamekuja wafugaji na ng'ombe zao, wakulima wa mpunga na tumbaku, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wauza mitumba, mafundi pikipiki. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, wenye nchi, sasa wanasalimiwa kwa Kisukuma sokoni. Zahanati iliyokusudiwa kijiji kimoja inahudumia vitatu, na kitabu cha mahudhurio kimejaa majina ya vitongoji ambavyo muuguzi wa zamani hakuwahi kuvisikia.

Kazi niliyotumwa kuifanya ilikuwa na takwimu yake. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 uliiweka Katavi mbele ya mikoa yote ya Tanzania kwa mimba za utotoni: katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa nchi ulikuwa 27. Utafiti wa 2022 ulishusha wastani wa nchi hadi 22, na Katavi ikashuka hadi 34. Afisa mmoja aliyenipokea alinisomea namba hizi kwa furaha ambayo hakuificha. "Sasa Songwe ndiyo inaongoza," akasema.

Sababu zake utaambiwa na kila mtu, na kila mtu atakuambia za jirani yake. Wenyeji watakuambia juu ya chagulaga ya Wasukuma, vijana wanapomzunguka msichana njiani na kumtaka achague mmoja wao. Wasukuma watakuambia juu ya mji na pesa ya machimbo. Walimu watakuambia juu ya mageto, na hapo ndipo nami niliposimama kusikiliza kwa makini, maana nilikwenda nikayaona. Shule ya sekondari iko mbali. Mzazi anampangia binti wa miaka 14 chumba kimoja karibu na shule, anamwachia debe la unga, maharage na pesa ya mafuta ya taa, kisha anarudi shambani. Unga ukiisha katikati ya mwezi, wa kumsaidia yuko karibu, ana pikipiki na ana chipsi mayai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo mwaka 2019. Novemba 2021 Serikali ikawafungulia wanafunzi waliojifungua mlango wa kurudi shuleni. Haya yote ni makubwa na nayaheshimu. Lakini binti wa geto hasomi hukumu. Anachotaka kujua ni kama kile kijiti cha kuzuia mimba wanachowekewa wenzake mkononi kinaweza kutembea mpaka kwenye moyo.

Najua kwamba ndicho anachotaka kujua kwa sababu aliniuliza. Lakini hakuniuliza darasani.

Darasani hakuna aliyeniuliza kitu. Tulikuwa na bango lenye picha za viungo, tulikuwa na kalamu za rangi, tulikuwa na ratiba iliyoandaliwa na watu waliosoma. Nilipomaliza nikasema kama tulivyofundishwa kusema: nani ana swali? Vichwa vyote vikainama. Mwalimu aliyekaa nyuma akakohoa. Nikafunga mkoba wangu, nikaaga, nikaanza kutembea kuelekea barabarani, na ndipo mila ikanifanyia kazi ambayo bango halikuifanya. Mgeni haachwi aende peke yake, ni lazima asindikizwe. Wasichana watatu wakajitokeza kunibebea mkoba. Mwembe wa kwanza tuliupita tukizungumza habari za Mombasa na bahari. Wa pili, habari za hedhi inayoruka miezi. Tulipofika karibu na barabara mmoja wao akapunguza mwendo, akawaacha wenzake watangulie, akaniuliza bila kunitazama: "Dada, mtu akichomwa ile sindano, halafu baadaye akaacha, anazaa tena?"

Tangu hapo nikaanza kupanga kazi zangu kwa kusindikizwa. Nilichagua nyumba za mbali, niliegesha baiskeli mahali ambapo pangenilazimu kutembea, nikaongeza mwendo wa kuaga. Hakuna shirika litakaloandika hili katika taarifa yake ya robo mwaka, lakini nusu ya yale niliyofanya Katavi niliyafanya njiani, kati ya ua wa mtu na barabara kuu.

Wavulana nao wana njia yao. Mvulana hasindikizi. Mvulana anaendesha bodaboda, na akishajua kwamba abiria wake ni nesi, ataanza kuuliza pikipiki ikiwa kwenye mwendo, uso wake uko mbele na wako uko mgongoni mwake, hakuna anayemwona mwenzake akiona haya. Nimejibu maswali juu ya kisonono nikiwa nimeshikilia kiti kwenye makorongo ya Nsemulwa. Mpanda kila ugonjwa wa sehemu za siri unaitwa UTI, na dawa yake inajulikana kwa rangi: "Kile kidonge chenye nyekundu na njano, sista, si ndicho?" Hapana, kaka, sicho. Upepo unachukua nusu ya jibu, ikabidi urudie kwa sauti mbele ya kijiwe kizima.

Nilichukua muda kumwuliza yule msichana wa sindano kwa nini hakwenda zahanati, ambako sindano ipo na ni bure. Alinicheka kidogo. Nesi wa zahanati ni shangazi yake. Akienda saa nne asubuhi, saa sita mama yake ameshajua, na jioni ni kikao. "Wewe utaondoka," akasema, kana kwamba anataja sifa yangu nzuri.

Katika mafunzo yetu kabla ya safari, kuondoka ndiko kulikotajwa kuwa udhaifu mkubwa wa mtu wa kujitolea: hujui lugha ya ndani, hujui nani ni ndugu wa nani, ukianza kujua mkataba umekwisha. Yote ni kweli. Niliumwa malaria nikauguzwa na majirani ambao nilitakiwa niwafundishe kujikinga na malaria. Nilikuwa nikiambiwa nipunguze mwendo, kwamba Wakenya tunasalimia kama tunaodaiwa, na nikajifunza kwamba kabla ya kutaja chandarua lazima niulize habari za nyumbani, za shamba, za mifugo na za mgonjwa wa juzi. Upweke wa jioni, umeme ukikatika na simu ikiwa haina chaji, sitauremba. Lakini kumbe ule udhaifu wenyewe ndio uliokuwa mtaji wangu. Siri niliyopewa Katavi ilikuwa na uhakika wa kupanda basi.

Anayejua kila mtu, na ambaye kila mtu anamjua, ni mama niliyepangiwa kufanya naye kazi. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, amepita miaka 50, na hakumbuki vizuri alianza lini. Anakumbuka tu kwamba mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni. Ana baiskeli ya kiume, daftari lililofunikwa kwa mfuko wa nailoni, na kanga anayojifunga kiunoni akishuka korongoni. Anajua nani ameacha dawa za kifua kikuu, nani amejifungulia nyumbani na kwa nini, mtoto gani hajamaliza chanjo, mume yupi anaficha kadi ya kliniki. Kwa miaka mingi malipo yake yalikuwa posho ya siku za kampeni, chanjo ikija au vyandarua vikigawiwa. Siku nyingine alikwenda kwa miguu yake na mafuta yake ya kupaka. Mwenyekiti wa kitongoji hakuwahi kumwuliza huyu analipwa kiasi gani, kwa kuwa alijua.

Nilimweleza kwamba kwetu, Septemba 2023, Rais Ruto aliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yao ya vifaa, na wakapangiwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu na nusu kutoka kaunti. Akapiga hesabu kwa shilingi za Tanzania, akaguna. Januari 2024 Tanzania nayo ilizindua mpango wake: wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, wafundishwe na walipwe. Mama anausubiri kwa tumaini na kwa wasiwasi. Anaogopa kwamba siku orodha itakapofika, umri utamkataa, na binti aliyemfundisha mwenyewe kupima mkono wa mtoto kwa utepe ndiye atakayechukua nafasi. "Atakuwa amefundishwa vizuri," akasema, na sikujua anamcheka nani.

Zahanati yenyewe ilijengwa vivyo hivyo. Wanakijiji walifyatua matofali, wakasomba mawe na maji, wakanyanyua boma, halmashauri ikaja ikapaua. Wanaume waliobeba nondo na wanawake waliopanga foleni na ndoo hawakupewa fulana yenye maandishi. Mimi nilipewa mbili.

Usiku mmoja wa mvua binti wa miaka 17 alishikwa na uchungu kabla ya wakati, na damu ikawa inatoka. Mama alipiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ambao Tanzania iliamua mwaka 2022 kuufikisha nchi nzima. Dereva wa jamii aliyepangiwa alikuwa kijana aliyesoma na mtoto wake. Gari lilifika mpaka kwenye korongo na halikuweza kuvuka. Sasa hapo elimu yangu yote ya Kenya ilinituma nishike tochi. Mama ndiye aliyejua ni wanaume gani wanne wako nyumbani usiku ule na hawajalewa, ni kitanda cha nani cha kamba kinafaa kubebea, na ni mahali gani pa kuvukia ambapo maji yanaishia magotini. Binti alifika hospitali mjini. Alijifungua mtoto wa kiume mdogo sana, na wote wawili wakarudi. Nilipokwenda kumpa hongera alikuwa amekaa uani na bibi yake, ananyonyesha, na swali lake kwangu lilikuwa kama ni kweli shule watampokea.

Walimpokea, mwaka uliofuata, ingawa si shule ileile. Kabla ya hapo alikuwa amejiunga na kikundi, na hapa nina neno la kusema juu ya kile wafadhili wanachokiita kuwawezesha vijana.

Shirika lililonipeleka, ambalo sitalitaja, lilikuwa na fungu la mafunzo ya ujasiriamali: siku kadhaa ukumbini, chakula cha mchana, soda, cheti. Vijana walihudhuria kwa adabu. Walikuwa wameshahudhuria mengine ya namna hiyo, baadhi wana vyeti vitano, na walijua lini kwenye ratiba wataambiwa kwamba kila mmoja ni bosi wa maisha yake. Kikundi cha akina mama vijana kilipoulizwa kinataka nini, kikasema: vyerehani viwili. Wanashona taulo za kike za kufua, za pamba na flana, na kimoja walichonacho ni cha kuazima. Fungu la vyerehani halikuwapo. Fungu la soda lilikuwapo. Nilibishana kwa barua pepe mpaka nikajulikana makao makuu, na mwishowe hela ya ukumbi wa awamu ya pili ikageuzwa cherehani kimoja, kipya, cha kukanyaga.

Cha pili walikwenda kukitafuta katika mikopo ya halmashauri. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri nchini: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka 2024, na iliporejea kila kijiwe Mpanda kikawa kikundi. Unahitaji katiba, akaunti ya benki, usajili kwa afisa maendeleo ya jamii, na muhtasari wa kikao wenye saini. Katiba ya kikundi chetu ilichukua mikutano mingi kwa sababu ya kifungu kimoja: mwanachama akiolewa na kuhama, cherehani ni cha nani? Sijawahi kusikia mjadala wa haki ya mali wenye akili kama ule, na waliouendesha hakuna aliyefika kidato cha nne. Waliamua kwamba anayehama anaondoka na ufundi wake na faida yake, chombo kinabaki. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri ukumbi nje walilisikia jambo hilo wakaliiba, wakaliandika katika katiba yao kwa kubadilisha cherehani kuwa pikipiki.

Katumba nilikwenda kwa ajili ya vitambaa vya kikundi. Ina kituo chake cha reli, kabla treni haijafika Mpanda, na ni makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972; Mishamo ikafuata mwaka 1978. Waliofika na vifurushi walipewa ardhi, wakalima, wakaiuzia Tanzania chakula na tumbaku, na baada ya zaidi ya miaka 30 Serikali ikawapa nafasi ya kuchagua uraia. Zaidi ya 160,000 wa makazi ya magharibi wakawa Watanzania. Mzee aliyeniuzia flana alinionyesha cheti chake, amekitia katika bahasha ya nailoni pamoja na risiti za shule za wajukuu. Akaniuliza kibali changu ni cha muda gani. Nikamwambia. Akacheka kwa huruma. "Mfupi," akasema, na akanipunguzia bei.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Karema, na hii niliitaka mwenyewe. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda, barabara inateremka kutoka milimani mpaka Ziwa Tanganyika, na ukishuka kwenye gari unasikia harufu ya dagaa kabla ya kuona maji. Serikali imejenga bandari pale, inayotazama Kongo ng'ambo. Lakini mimi nilifuata misheni ya zamani. Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold walijenga ngome mahali hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Mwaka 1889 akafika pale kijana mweusi mwenye elimu ya udaktari, jina lake Adrien Atiman.

Alizaliwa upande wa mto Niger. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akauzwa, na huko Algeria wamisionari wakamnunua na kumweka huru. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre hao, alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa namna hiyo utabibu katika kisiwa cha Malta kisha kuwapeleka Afrika ya kati wawe madaktari na makatekista. Atiman akasomeshwa, akapelekwa, akafika Karema akiwa na miaka ishirini na kitu. Akaoa katika ukoo wa chifu wa Kibende. Akatibu vidonda, homa, ndui na majeraha ya simba, kijiji hadi kijiji, kwa miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwanawe alipata upadri mwaka 1923. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake.

Kwa hiyo mgeni wa afya anayekumbukwa Karema hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika kutoka mbali, kama mimi, na mfanano wetu unaishia hapo, kwa sababu mimi nilijaza fomu na yeye alinunuliwa. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kwenda Tanganyika kwa namna ambayo angeweza kukataa. Nilikuwa nimekwenda Karema nikidhani nitakuta kipimo cha kujipimia, mtu aliyefanya kwa ukamilifu kile ninachokifanya kwa vipande. Nikakuta mtu aliyefanya kitu kingine kabisa. Mzee wa kanisa aliyenitembeza alimzungumzia Atiman kama babu wa ukoo: jinsi alivyokuwa mkali, jinsi alivyoheshimiwa. Nikajiuliza, baada ya miaka mingapi watu wa Karema waliacha kumwambia yale yanayosemwa kwa mpita njia? Maana katika miaka 67 alishakuwa baba mkwe wa mtu, mjomba wa mtu, shemeji wa chifu. Alishakuwa kama Mama.

Nilimsimulia Mama hayo niliporudi, pamoja na habari za kusindikizwa, ambazo nilikuwa sijamweleza waziwazi kwa kuogopa kumkwaza. Hakukwazika. Alikuwa anajua muda wote. Wasichana wanaotoka ghafla kumsindikiza nesi wa Kenya hawafichiki kijijini. Alikaa akichambua mchele, akasema, "Mimi wananijua mno. Sasa ukiondoka wewe, maswali yatakwenda wapi?"

Jibu alilipata mwenyewe, na ni rahisi kiasi cha kukasirisha. Kijiji cha ng'ambo ya mto kina mhudumu wake, mama wa makamo kama yeye, naye anajulikana mno kwao. Wakakubaliana kubadilishana. Siku moja kila juma Mama anapanda baiskeli anavuka mto, na mwenzake anavuka kuja huku. Kila mmoja anapelekwa kwenye kikundi cha vijana kama mgeni, anapewa kiti na maji ya kunywa, anasema machache, anaaga. Nesi wa zahanati, yule shangazi, aliombwa ruhusa na akaitoa kwa sharti kwamba rejista ijazwe. Muhuri wa mtendaji ulipatikana kwa siku moja, jambo ambalo mimi sikuwahi kulipata.

Nilishaondoka walipoanza. Mama alinipigia simu jioni ya zamu yake ya kwanza, kwa sauti ya juu kama kawaida yake. Alikuwa amesindikizwa na wasichana wanne mpaka kwenye daraja. Alikuwa ameulizwa mambo. Akanieleza, bila majina, akashangaa: watoto wa ng'ambo wana mambo mazito, huku kwake hakuna kitu kama hicho, huku kwake wametulia. Nikamwuliza mwenzake aliyekuja kwake siku hiyo alisikia nini.

"Huyo?" akasema. "Nimembana mpaka nimechoka. Hasemi. Anasema na mimi nisiseme ya kwake."